Kisigino cha Bi Sikudhani

"Kufa najua mimi," Bi Sikudhani aliwaambia watu waliopanga foleni nje ya ukumbi wa sinema. "Nchi hii hajazaliwa mwanamke wa kunishinda kufa. Nimekufa kwa mshale, nimekufa kwa panga, nimekufa kwa jiwe la kombeo, na nimekufa kwa kukanyagwa na tembo ambaye siku hiyo hakufika kazini, ikabidi nijikanyage mwenyewe. Filamu inayotikisa dunia, mimi nimo ndani!"

Foleni ikamgeukia kwa heshima. Mama mmoja akampisha mbele.

"Ila msinitafute usoni," akaongeza, akijifunga khanga vizuri. "Nimetokea kisigino tu. Cha kushoto. Tena kina magaga, na ukipiga chafya umekikosa."

Yule mama akarudi kwenye nafasi yake.

Jina la nchi yenyewe halitatajwa hapa. Si kwa woga, ni kwa adabu. Nchi yenye aibu zake huiiti kwa sauti mbele za watu. Inatosha kujua kwamba iko mbali kidogo, ng'ambo ya mpaka wa jirani wa jirani, na kwamba kwetu sisi mambo kama haya hayatokei kamwe, Mungu apishe mbali.

Filamu iliitwa *Panga la Ngwamba*, na iliyoitengeneza ni Wizara ya Fahari na Kumbukumbu. Ngwamba alikuwa mfalme wa nchi ile miaka mia saba iliyopita. Kwa masimulizi ya wazee alikuwa mtu mfupi, mpenda kunde, aliyetawala vilima viwili na akafa kwa kuhara. Wizara ikaona historia hiyo haina lishe. Kwenye filamu, Ngwamba ni mrefu kama mnazi, anaruka angani bila mbawa, na panga lake linatoa radi. Akilipunga, vichwa vya maadui vinadondoka kama zambarau zilizopigwa na upepo. Damu ilikuwa juisi ya rosela iliyokorogwa na unga wa muhogo, na ilimwagwa nyingi kiasi kwamba nzi wa wilaya nzima walihamia huko. Nao wamo kwenye filamu. Nyuso zao zinaonekana vizuri sana.

*

Vita vya mwisho vilihitaji kijiji cha maadui cha kuchomwa. Mwongozaji wa filamu, Fidelis, kijana aliyesomea ng'ambo akarudi na kofia, alizunguka nchi nzima akitafuta kijiji cha miaka mia saba iliyopita. Alipofika Kitopeni akashuka garini, akatazama nyumba za udongo na paa za makuti, akatazama madimbwi ya njiani, akawatazama na wenyeji. Machozi yakamlenga.

"Hongereni," akasema. "Mmehifadhi kila kitu."

"Tumehifadhi nini, mwanangu?" akauliza Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kijiji. "Hapa tumehamia juzi tu baada ya mafuriko. Umeme tunauomba tangu siku hiyo."

"Msiuombe tena, mzee wangu! Mtaharibu!"

Nyumba iliyompendeza zaidi ilikuwa ya Bi Sikudhani. Ilikuwa na vyumba viwili, kibaraza cha kukaangia vitumbua, na mlango wa buluu alioununua siku aliyomaliza kuezeka. Nyumba ile yote ilitoka kwenye karai la vitumbua. Mume hakuwa naye tena, watoto walikwenda mbali na simu zao ziliita bila kupokelewa, alichobaki nacho duniani ni mlango ule, wa kuufunga jioni na kusema, "Haya, leo imetosha." Vijana wa Fidelis wakaupaka matope ili uwe wa kale.

Siku ya kuchoma, akaja Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mwinyikombo, na msafara mrefu wa magari. Mheshimiwa alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuzindua. Alizindua kisima, akazindua choo cha kisima, na mwaka mmoja mvua ilipochelewa halafu ikanyesha, aliagiza utepe. Tena tangu gazeti moja lilipomkata sikio pichani, ilitolewa amri kwamba picha ya Mheshimiwa, popote itakapotokea, haikatwi, haififishwi, wala haipunguzwi.

"Ndugu zangu wa Kitopeni!" akanguruma kwenye kipaza sauti, chini ya turubai. "Leo nyumba zenu haziungui. Leo nyumba zenu zinaingia katika historia, kwa mlango wa moto! Na siku filamu hii itakapofanikiwa, naapa mbele ya bendera na mbele ya mama zangu hawa, kila aliyeingia katika historia atajengewa nyumba ya matofali ya saruji, bati la rangi, na choo ndani!"

"Choo ndani ya nyumba?" Bi Nusura, jirani wa Bi Sikudhani, akanong'ona. "Huyu anatuahidi au anatutukana?"

Makofi yakapigwa. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, na mkono uliochoka hupiga makofi upesi ili uachiwe uende zake.

Kumbe kazi bado. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kwenye mlango wa Bi Sikudhani, na mkasi ulikuwa tayari juu ya mto wa hariri. Bi Sikudhani wakati huo alikwishalazwa kizingitini, amekufa, mshale kwapani.

"Mheshimiwa," Fidelis akasema kwa unyenyekevu, "ukimaliza kuzindua, utatoka kidogo halafu mashine zitaanza kupiga picha."

"Anzeni tu. Mimi nitajitoa mwenyewe."

Mashine zikaanza. Mheshimiwa akakata utepe. Kwaya ikaimba. Akapokea mwenge, akaukumbatisha na makuti ya paa, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Natamka kwamba nyumba hii," akasema, "sasa imeungua rasmi."

Bi Sikudhani alilala pale pale. Marehemu hageuki. Alisikia makuti yake yakilia, akasikia harufu ya godoro lake, kisha ya mafuta ya vitumbua yaliyokuwa kwenye dumu, na moshi ukamjaa kooni.

"Bibi, marehemu hakohoi!" Fidelis akapiga kelele.

Hakukohoa. Alimeza moshi wa nyumba yake mwenyewe kimya kimya mpaka Fidelis akasema basi. Wote wakakubaliana kuwa kilikuwa kifo kizuri sana, chenye ukweli ndani yake.

Watu wa Kitopeni wakahamia chini ya turubai la sherehe. Halafu turubai nalo likaja kuchukuliwa, maana kulikuwa na daraja la kuzindua kwingineko.

*

Filamu ilipotoka, ukumbi mkubwa wa mji mkuu ulikuwa mtupu. Watu wa nchi ile walikuwa wamechoka. Mtu akishinda kwenye foleni ya maji, akatoka hapo akaingia foleni ya dawa, nguvu ya kwenda kutazama wenzake wakikatwa vichwa anaitoa wapi? Siku za mwanzo waliingia maofisa wa Wizara peke yao, wakipokezana kupiga makofi.

Habari hizo zikamfikia Bi Sikudhani akiwa amejikunyata kwenye ghala la pamba pamoja na wenzake.

"Jamani, si alisema filamu ikifanikiwa?" akawauliza. "Na filamu hufanikiwa kwa nini?"

"Kwa kutazamwa," Mzee Kibwana akajibu.

"Basi tukaitazame. Tuitazame mpaka ifanikiwe. Hapa tunangoja nini, pamba ikomae?"

Wakakunja mikeka yao wakaenda mjini. Mlangoni waliambiwa kwamba kiingilio cha mzalendo kinalipwa na Wizara, na kwamba Wizara hukilipa kwa Wizara. Pesa zilitoka mfuko wa kushoto zikaingia mfuko wa kulia, na kila zilipopita magazeti yaliandika kwamba filamu imevuna.

Wakaingia. Wakakuta viti laini, kiyoyozi, na maji ya bomba msalani. Wakakaa.

Hawakutoka. Onyesho likiisha walisimama, wakazunguka nguzo, wakahesabiwa upya kama watu wengine. Baada ya siku chache walikuwa wameizoea filamu kama mtu anavyomzoea mume mlevi, kelele zake hazimwamshi tena, akinyamaza ndipo anashtuka. Waligawa siku kwa filamu. Kichwa cha kwanza kikidondoka, chai. Vita vya mtoni, kufua. Malkia akitumbuliwa macho, ni muda wa kuwaandaa watoto walale. Na kwa kuwa ni watu waliolelewa, hawakumwacha mtu afe bila neno; jeshi zima likifyekwa, kulisikika kutoka gizani sauti za wanawake waliolala nusu, "Poleni... poleni jamani... poleni na msiba."

Redio ya Taifa ikashangilia: "Wananchi wagoma kutoka ukumbini! Watazamaji watoa machozi ya uzalendo!" Watu wa mjini wakaja kuona ni kitu gani hicho kinachowang'ang'aniza wenzao. Wakaona baridi nzuri, wakaona viti, wakalala na wao. Foleni ikazunguka mtaa. Hapakuwa na filamu katika historia ya nchi ile iliyolaliwa na watu wengi kiasi kile.

Bi Sikudhani peke yake ndiye aliyekuwa akiamka panapokaribia kisigino.

"Nusura! Nusura we, amka. Kisigino!"

"Nilikiona jana."

"Jana ulikoroma. Kitazame leo, na jirani yake mtazame."

"Kisigino nacho kina jirani?"

"Kila kitu kina jirani, mwanamke. Fungua macho."

Lakini Bi Nusura alikuwa amekwisha kwenda tena, na kwenye pazia jeupe moto ulikuwa umepita.

*

Filamu ilipovunja rekodi zote, Bi Sikudhani akaosha miguu, akaenda Wizarani. Alipelekwa kwa Afisa Mwandamizi wa Mafanikio, bwana mnene aliyekuwa akila karanga kwenye droo.

"Nimefuata nyumba yangu, baba. Filamu imefanikiwa."

"Filamu imefanya vizuri, bibi. Kufanya vizuri si kufanikiwa."

Akarudi ukumbini, wakaitazama zaidi. Mwezi uliofuata akaenda tena.

"Sasa imefanikiwa," Afisa akakiri. "Lakini haijafanikiwa sana."

Wakaitazama sana. Akaenda mara ya tatu, miguu imevimba.

"Ee bibi, mmeharibu," Afisa akasema kwa huzuni. "Imefanikiwa kupita kiasi. Ahadi ya Mheshimiwa ilikuwa ya mafanikio ya kiasi."

Bi Sikudhani akainama akaisugua miguu yake. Alikuwa na majibu mengi, lakini yote yalihitaji pumzi.

"Halafu nyumba yenyewe ipi?" Afisa akaendelea, akitafuna. "Maana tumepata heshima kubwa. Wageni wa ng'ambo wanaleta tuzo, tuzo ya filamu ambayo haikudhuru mtu wala mali. Mheshimiwa amewathibitishia kwamba moto ule ni wa kompyuta."

"Wa nini?"

"Wa kompyuta. Umechorwa. Kwa hiyo nyumba zenu hazikuungua. Jumamosi Mheshimiwa akipokea tuzo hiyo pale ukumbini mnapolala, jambo limefungwa, hakuna wa kulifungua. Rudini mkakae."

"Tukakae wapi?"

"Nyumbani kwenu."

"Kwetu kuna majivu, baba."

"Majivu ya kompyuta hayo, bibi. Yatafutika." Akafunga droo. "Tena tunatengeneza sehemu ya pili. Kama una ndugu kwenye kijiji chochote kilichohifadhika vizuri, tufahamishe."

Bi Sikudhani akarudi ukumbini akawaeleza wenzake. Mzee Kibwana alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Basi tuseme yamekwisha," akasema. "Serikali ikisema hukuungua, hukuungua. Mimi nimechoka, Sikudhani. Jumamosi wakishatuondoa hapa, tutalala popote."

"Lala wewe," Bi Sikudhani akamwambia. "Mimi Jumamosi nina kazi na kisigino changu."

*

Jumamosi asubuhi ukumbi ulipambwa kwa maua ya plastiki. Wageni wa ng'ambo walikaa mbele, wakijipepea ingawa kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. Watu wa Kitopeni walivalishwa fulana zenye sura ya Ngwamba, wakapangwa nyuma yao na kuitwa mashabiki. Mshereheshaji aliwaomba wasilale.

Mheshimiwa Mwinyikombo akapanda jukwaani. Suti yake ilikuwa ya samawati, miwani myeusi, na mkononi saa ya dhahabu pana kama kifuniko cha sufuria. Kila alipoinua mkono, mwanga wake ulitembea darini.

"Wageni waheshimiwa! Wapo maadui wa maendeleo wanaosema tulichoma nyumba za watu. Nauliza, mtu mwenye akili timamu anachoma nyumba ya mpiga kura? Moto ule ni wa kompyuta! Moshi ni wa kompyuta! Hata huko kunakoitwa Kitopeni, mimi sijawahi kukanyaga. Sijui kama ni juu au chini. Filamu ikipigwa picha, mimi nilikuwa ng'ambo nikitibiwa jino."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mkubwa wao, mama mrefu mwenye shanga za mbao, akaishika tuzo tayari kuikabidhi.

"Kabla ya kukabidhi," mshereheshaji akasema, "tumsikie shabiki wetu namba moja, mama aliyeitazama filamu hii kuliko binadamu yeyote. Karibu, Bi Sikudhani! Maneno mafupi ya shukrani, mama."

Bi Sikudhani akapewa kipaza sauti. Akakipuliza kama anavyopuliza moto wa karai.

"Shikamoo kwa walionizidi, na ninaowazidi, hamjambo. Mheshimiwa, mwanangu, pole na jino."

"Asante, mama yangu. Limepona."

"Mimi sina maneno. Ila nina ombi dogo la kizee. Nimo kwenye filamu hii, na hawa wenzangu hawaniamini, kila nikitokea wamelala. Naomba mbele ya wageni nionyeshwe kisigino changu."

Ukumbi ukacheka. Mheshimiwa naye akacheka, maana alipenda wazee wenye maombi madogo.

"Mama anataka kujiona! Kwa nini tumnyime?" akaita juu kule kwenye kidirisha cha fundi wa mashine. "Fundi! Mwonyeshe mama kisigino chake!"

"Mwisho wa vita vya mwisho, mwanangu," Bi Sikudhani akamwelekeza fundi. "Mfalme akishatua kutoka angani. Nikisema simama, usimame."

Taa zikazimwa. Kwenye pazia Ngwamba akatua, akakata vichwa vitatu kwa mkupuo mmoja, radi ikapiga, nzi wakapita.

"Simama!"

Picha ikaganda.

Chini kabisa kulikuwa na kisigino, kikubwa kama mtumbwi, magaga yake yakionekana kama mto uliokauka. Na kando ya kisigino, karibu kukikanyaga, kulikuwa na kiatu cheusi cha ngozi kinachong'aa. Macho ya watu yakapanda taratibu kutoka kwenye kiatu. Suruali iliyopigwa pasi. Suti ya samawati. Vipande viwili vya utepe mwekundu vikining'inia kwenye mlango uliopakwa matope, na buluu ikichungulia chini ya matope. Mwenge kwenye makuti. Miwani myeusi. Katikati ya jeshi la miaka mia saba iliyopita, watu wamevaa ngozi na manyoya, alisimama bwana mmoja wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Pichani walikuwa wamemkata Bi Sikudhani kichwa, wakamkata kifua, wakamkata miguu mpaka kwenye kifundo. Zaidi ya hapo mkasi ungemgusa Mheshimiwa, na amri ilikuwa amri.

Hakuna aliyelala.

"Hicho hapo," Bi Sikudhani akasema. "Cha kushoto. Na huo nyuma yake ni mlango wangu."

Mama wa ng'ambo mwenye shanga akaishusha tuzo kwenye mapaja, akamgeukia Mheshimiwa.

"Yule..." Mheshimiwa akakohoa. "Yule si mimi. Watu wengi hutufananisha. Yule ni babu yangu mkubwa. Alikuwa... alikuwa askari wa Ngwamba. Kompyuta ilimchora kwa heshima ya ukoo."

"Aa, kumbe ni babu," Bi Sikudhani akasema kwa upole. "Nami nimemdhania vingine, uzee huu. Marehemu alijaliwa. Na saa ile ya mkononi alirithi kwa nani, mwanangu?"

Kwenye pazia, mkono ulioshika mwenge ulikuwa umeinuka, na kwenye kifundo chake saa ya dhahabu, pana kama kifuniko cha sufuria, ilikuwa ikiwaka kwa moto wa nyumba. Vichwa vyote vya ukumbi vikatoka kwenye pazia vikaenda jukwaani, kwenye mkono wa Mheshimiwa.

Mheshimiwa akautazama na yeye, kama mtu aliyeuona kwa mara ya kwanza. Akavuta mkono wa suti. Haukutosha kufunika. Taratibu, bila kumtazama mtu, akautia ule mkono mfukoni.